Mtoto wa pili ana haraka: maswali yenu kuhusu kuzalia nyumbani

Maswali ya ukurasa huu hujibiwa na wakunga. Safari hii tumechagua barua za Arusha na Moshi, zote zikigusa kujifungua mtoto wa pili nyumbani, kwa kupanga au kwa kushtukizwa.

Habari za kazi, dada zangu. Nina mimba ya wiki 33. Wa kwanza nilimzalia hospitali kwa njia ya kawaida, bila shida yoyote, ila maneno niliyoambiwa leba sitaki kuyasikia tena. Jirani yetu ni mkunga mstaafu, amekubali kunizalisha hapa hapa nyumbani. Mume wangu anasita. Kama wa kwanza alitoka vizuri, wa pili atashindwaje?
*Mama wa Sakina, Arusha*

Nzuri, mama, na pole kwa yaliyokukuta. Hakuna anayestahili kufokewa akiwa kwenye uchungu, na kutotaka kurudia hali ile si ukaidi.

Kuhusu wa pili, uko sahihi nusu. Mlango wa kizazi uliokwisha kufunguka mara moja haufanyi ubishi sana mara ya pili. Njia ikishafika sentimita 5, anayezaa mara ya kwanza anaweza kukaa hadi saa 12 ndipo ifunguke yote. Anayezaa mara ya pili kwa kawaida hazidi saa 10, na wengi hawafiki hata nusu ya hapo. Kusukuma nako kunaweza kuwa kwa dakika chache tu.

Nusu iliyobaki ndiyo inayomsumbua mume wako, hata kama hakuisema. Damu inayotoka baada ya mtoto kuzaliwa haiulizi kama wa kwanza alitoka vizuri. Kondo la nyuma likibanduka, kizazi kinatakiwa kukaza ili kiibane mishipa iliyobaki wazi. Kikilegea, mama mwenye afya njema anaweza kufikia hali ya hatari ndani ya saa moja au mbili, na mara nyingi hakukuwa na kitu kwenye kadi ya kliniki kilichotoa ishara.

Kwa hiyo usimuulize jirani amezalisha wangapi. Muulize ana nini mkononi leo. Leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga iko hai? Sindano ya oksitosini ya uniti 10, ile ya kukaza kizazi inayochomwa pajani ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, anaitunza wapi? Dawa hii inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Iliyokaa mkobani wiki kadhaa inaweza kuwa imepoteza nguvu, na kwa macho huwezi kuitambua. Ana mpira wa kumpulizia hewa mtoto mchanga, wenye barakoa ya saizi yake? Ana kipimo cha presha? Na nani atakuwa naye? Mtoto akichelewa kupumua wakati huo huo mama anavuja damu, wagonjwa wamekuwa wawili, na mtu mmoja ana mikono miwili tu. Swali la mwisho ni la gari: liko wapi saa nane usiku, nani ana ufunguo, na lina mafuta?

Wako wanawake ambao hata jirani awe na vyote hivyo, tunawaambia hapana bila kuzunguka. Aliyewahi kupasuliwa, kwa sababu kovu la kizazi linaweza kuachia katika uchungu na hapo panahitajika thieta jirani kabisa. Aliyevuja damu nyingi au aliyekwamiwa na kondo la nyuma uzazi uliopita, maana mambo haya hupenda kujirudia. Mwenye presha ya 140/90 au zaidi, mwenye kisukari, mwenye mapacha, mwenye mtoto aliyetanguliza makalio au aliyelala kukingama, na aliyetokwa damu yoyote miezi ya mwisho. Mimba isiyofika wiki 37 pia haifai, wala iliyopitiliza. Mwenye damu chini ya gramu 11 hana akiba ya kupoteza. Mwenye virusi vya UKIMWI ajifungulie kituoni ili mtoto aanze dawa ya kinga mara moja, na mwenye kundi la damu hasi anahitaji kuwa mahali ambapo sindano yake ya anti-D itapatikana ndani ya saa 72 baada ya kuzaa.

Ukituuliza sisi: usipange kuzalia nyumbani. Badilisha mahali. Kwa mimba isiyo na tatizo, kituo cha afya kama Levolosi au Kaloleni kinatosha, na Mount Meru haiko mbali ikibidi kuhamishwa. Nenda wiki hizi, kabla uchungu haujaanza. Uliza kama unaruhusiwa kuingia na mtu wako, kama unaweza kujifungua umelala ubavu au umechuchumaa, na zamu ya usiku ina wakunga wangapi. Huyo jirani mchukue awe mtu wako wa kukaa nawe leba. Mstaafu akiwa amesimama pembeni, lugha ya wodini huwa nzuri zaidi. Halafu baki nyumbani mwanzo wa uchungu, oga, kula, tembea tembea. Uchungu ukija kila dakika tano na kudumu karibu dakika nzima, ondoka. Usisubiri ufike kila dakika mbili. Chupa ikipasuka, ondoka hata kama hakuna uchungu.

Dada yangu yuko Uingereza, anatarajia mtoto wa pili, na hospitali yenyewe imempa nafasi ya kuzalia nyumbani. Kwa nini kule iwe salama na huku iwe ushamba?
*Msomaji, Njiro, Arusha*

Si ushamba. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka mwaka 2011, uliofuatilia zaidi ya wanawake 64,000 wenye mimba zisizo na tatizo, uliona kwamba kwa waliokwisha kuzaa kabla, watoto waliopangiwa kuzaliwa nyumbani hawakupata madhara zaidi kuliko wa hospitali. Kwa wanaozaa mara ya kwanza hatari kwa mtoto iliongezeka kidogo. Lakini soma na upande wa pili: kati ya waliopanga kuzalia nyumbani, 45 katika kila 100 wa uzazi wa kwanza walihamishiwa hospitali, na 12 katika kila 100 wa waliokwisha kuzaa. Dada yako atakuwa na wakunga walioajiriwa wenye dawa na vifaa, gari la wagonjwa la kuita kwa simu, na leba inayojua kwamba huenda akaletwa. Hao 12 ndio wa kuwafikiria. Mmoja wao akiwa Njiro saa kumi alfajiri, nani anampeleka?

Shikamooni wakunga. Tunakaa Uru. Mke wangu wa kwanza alimzaa kwa saa nne tu, na wa pili anatarajiwa Aprili, masika yakiwa yamekolea na barabara yetu ni utelezi. Tumejiandaa kwenda hospitali. Ninachoogopa ni mtoto kuja kabla ya gari. Nifanye nini kwa mikono yangu?
*Baba mtarajiwa, Moshi Vijijini*

Marahaba, ndugu. Aliyezaa kwa saa nne anaweza kuzaa wa pili kwa saa mbili. Kinga ya kwanza basi ni kuhama: kuanzia wiki ya 38 mke wako akae kwa ndugu aliye Majengo, Soweto au popote ambapo Mawenzi au KCMC ni mwendo wa dakika kumi. Kama haiwezekani, andika 115 ukutani. Ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, wazazi na vichanga. Gari la wagonjwa likiwa mbali, hutumwa dereva wa eneo hilo aliyesajiliwa.

Weka tayari mfuko mmoja: kanga au vitenge vitano vilivyofuliwa na kupigwa pasi, mpira au nailoni ya kutandika, glovu, sabuni, wembe mpya ambao haujafunguliwa, uzi imara, kofia ya mtoto, pedi kubwa, na tochi yenye chaji, kwani umeme hauna adabu. Kifungua mimba wenu naye apangiwe jirani wa kumkimbilia.

Utajuaje kwamba muda umekwisha? Mama anasema anasikia haja kubwa na hawezi kuizuia, anasukuma bila kutaka, sehemu ya nyuma inatuna, au unaona nywele za mtoto. Hapo usimpandishe bodaboda. Mtoto atazaliwa njiani kwenye baridi na matope, na sakafu ya nyumba yako ni bora kuliko hapo. Piga simu, weka spika, mtume mtu akasimame barabarani na tochi.

Funga madirisha, pasha kanga joto. Usiingize jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa: gesi yake haina harufu na huua. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Mama asilale chali. Alale ubavu wa kushoto au apige magoti na kushika kitanda. Asukume pale mwili unapomtuma, si pale unapopiga kelele wewe. Kichwa kikianza kujaza njia, mwambie aache kusukuma na apumue kwa mdomo, pumzi fupi fupi. Weka kiganja kwenye kichwa ili kisifyatuke. Kichwa kinachotoka polepole hakichani sana.

Kazi yako kubwa hapo ni kutofanya mambo. Usiingize vidole, usikandamize tumbo, usivute kichwa. Kikishatoka, pitisha kidole shingoni. Kama kamba ya kitovu imezunguka na imelegea, ipitishe juu ya kichwa. Imekaza, iache, mara nyingi mtoto hutoka nayo. Mabega hutoka na uchungu unaofuata. Yasipotoka, mama alale chali na magoti yavutwe kwa nguvu hadi karibu na kifua, asukume. Ikishindikana, apige magoti na mikono chini kama anayetambaa, asukume tena. Shingo ya mtoto isivutwe, maana mishipa ya mkono hupita hapo.

Mtoto akitoka, mweke tumboni kwa mama na mkaushe kwa nguvu: kichwa, mgongo, miguu. Tupa kanga iliyolowa, chukua kavu, wafunike wote wawili ngozi kwa ngozi, mvalishe kofia. Wengi hulia wakati wa kukaushwa. Asiyelia wala kupumua, sugua mgongo juu na chini mara mbili tatu na pangusa mdomo kama una uchafu. Kumning'iniza miguu juu, kumpiga makofi au kummwagia maji baridi hakusaidii, kunamwondolea joto tu. Dakika ikikaribia kuisha hapumui, mlaze kichwa kikiwa sawa, kisikunjwe mbele wala nyuma, funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako, puliza pumzi ndogo ya mashavuni mpaka uone kifua kinapanda, takribani mara 40 kwa dakika. Pumzi ya mapafu yako yote itamuumiza.

Kitovu hakina haraka. Gari likiwa njiani, usikikate kabisa. Hospitali ikiwa mbali na lazima ukate, subiri kamba iache kupiga, dakika moja hadi tatu. Funga uzi uliochemshwa mahali pawili, sentimita 2 na sentimita 5 kutoka tumbo la mtoto, kata katikati kwa wembe mpya. Usipake kitu.

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo watu hulegea kwa furaha, wakaanza kupiga simu kwa shangazi. Kondo la nyuma bado liko ndani. Mtoto anyonye sasa hivi, kwani kunyonya kunakaza kizazi. Mama akojoe hata kama hasikii haja; kibofu kilichojaa huzuia kizazi kukaza, na hii ni sababu ya kuvuja damu inayosahaulika kirahisi. Ukiona damu inachuruzika ghafla na kamba inarefuka, kondo limeachia: mama akae au achuchumae, asukume. Usivute kamba. Inaweza kukatika, au kizazi kikageuka ndani nje, na hilo hata hospitali ni balaa. Likitoka, litie kwenye ndoo au mfuko mlisafirishe. Mkunga lazima alikague, maana kipande kilichobaki ndani kinaendelea kuvujisha damu.

Kisha shika tumbo chini ya kitovu cha mama, sugua kwa mzunguko mpaka usikie donge gumu la mviringo. Rudia kila dakika 15 kwa saa mbili. Donge likilainika, sugua tena. Pedi ikilowa yote ndani ya dakika tano, damu ikifika nusu lita, mama akiona kizunguzungu au akitoka jasho la baridi, au dakika 30 zikipita kondo halijatoka hata kama hakuna damu, msisubiri kupambazuke. Alazwe ubavu kwenye gari, afunikwe, mkono wa kusugua usiondoke tumboni. Yote yakienda vizuri, bado nendeni mkaangaliwe.

Kuhusu vidonge vya misoprosto vinavyouzwa kimya kimya: matumizi yake baada ya kuzaa, kuzuia kuvuja damu, ni vidonge vitatu vya mikrogramu 200 kwa kumeza, kwa maelekezo ya mhudumu, mtoto akishatoka na ikahakikishwa hakuna pacha ndani. Kidonge hicho hicho akipewa mama mwenye mtoto bado tumboni kinaweza kupasua kizazi. Usikinunue dukani ukakihifadhi kabatini kwa kukisia.

Wanangu, mimi nimezaa saba huku Kibosho, watano nyumbani. Tulichuchumaa, tukapewa dawa ya mizizi ya kuharakisha, kitovu tukapaka majivu, mzazi akala mtori. Leo mkamwana wangu ana mimba ya pili na ananiambia vyote hivyo ni kosa.
*Bibi wa Kibosho, Moshi*

Shikamoo, bibi. Si vyote. Kuchuchumaa mlikuwa sahihi: nyonga hupanuka na mtoto hushuka kwa uzito wake, na wakunga wa leo wanarudishwa huko huko. Mtori nao hauna mpinzani, una maji, una nguvu na unapita kooni hata kwa aliyechoka.

Dawa ya kuharakisha ndiyo tunayokusihi umnyime. Huongeza uchungu bila kipimo. Dripu ya hospitali ikizidi hupunguzwa au hufungwa. Kikombe kilichonywewa hakirudi. Uchungu usio na mapumziko humnyima mtoto hewa, na kizazi kinaweza kupasuka. Kwa wa pili hata sababu ya kuharakisha huwa haipo.

Majivu, mate, samadi, yote kitovuni yaacheni, ni njia ya pepopunda na usaha. Kitovu kiachwe kikavu, juu ya nepi. Mtoto asiogeshwe saa 24 za kwanza. Ule utando mweupe ni mafuta yake, na kwa baridi ya Kibosho ya Juni na Julai mtoto hupoa haraka kuliko unavyodhani. Maziwa ya njano ya mwanzo apewe, asikamuliwe yakamwagwa. Kumkanda mzazi kwa maji, sawa yakiwa ya uvuguvugu. Ya kuunguza yasiguse penye mshono.

Na kumkandamiza tumbo ili mtoto atoke, hapana. Kumsugua tumbo mtoto na kondo vikishatoka, ndiyo. Mkono ni ule ule, wakati ndio tofauti.

Nimejifungua wa pili juzi, chango linanikata kila mtoto akinyonya. Kwa wa kwanza sikusikia hivi. Kuna kitu kimebaki?
*Mama wa Moshono, Arusha*

Pengine hakuna. Kizazi kilichobeba mara mbili hulegea na kukaza kwa zamu badala ya kukaza moja kwa moja, na kunyonyesha kunakiamsha. Kwa kawaida hutulia baada ya siku tatu hivi. Kojoa kabla ya kunyonyesha. Meza parasetamoli mbili za miligramu 500, kila baada ya saa 6, zisizidi nane kwa siku. Maumivu yasiyoachia, homa ya nyuzi 38, uchafu wenye harufu mbaya, au damu iliyokuwa imepungua ikarudi kwa mabonge: hapo ndipo tunapofikiria kipande cha kondo, na hilo ni la hospitali leo, si kesho. Kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu pia ni haraka, maana kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kuzaa.

Mtoto wetu alizaliwa nyumbani kwa ghafla, wote wazima. Tunahitaji kwenda kokote? Na cheti tutakipataje?
*Wazazi wa Ngaramtoni, Arusha*

Nendeni leo, kabla saa 24 hazijaisha, na kondo la nyuma kama bado mnalo. Mama atapimwa presha, damu na mchaniko. Mtoto atapimwa uzito na joto, atachomwa vitamini K miligramu 1, atapata chanjo ya BCG na matone ya polio. Mrudi tena ndani ya wiki ya kwanza, kisha wiki ya sita.

Cheti: aliyezaliwa hospitali hupewa tangazo la kizazi pale pale. Wenu nendeni kwa afisa mtendaji wa kijiji au kata, mbebe kadi ya kliniki ya mama na vitambulisho vya wazazi, kabla siku 90 hazijapita, kwani baada ya hapo usajili wa RITA huhesabiwa umechelewa na vielelezo vinaongezeka. Majina ya wazazi yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi. Kurekebisha cheti kilichokosewa ni mzunguko mrefu kuliko kukipata.